Kamusi ya Nyumba Ishirini

Siku Karani alipokuja kwetu Mjambere na barua iliyomhusu mwanawe, tulikuwapo watu sita. Mimi, Mwanajuma, nilikuwa mkekani nashona makuti. Mdogo wangu Mwanaisha alikuwa akichambua mchicha. Bi Riziki, jirani yetu wa upande wa kisimani, alikuja kuazima kinu akasahau kuondoka. Mzee Kazungu, mgema, alijinyoosha kwenye kivuli cha ukuta. Maalim wa chuo alikuwa akipita na bakora yake. Nilimkaribisha kahawa, akakubali kwa sharti Kazungu akisogeze kibuyu chake cha tembo mbali kidogo. Wa sita ni Karani mwenyewe. Nawataja wote kwa kuwa wote walinisikia nikisema, "Halipo," na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyenisuta kwa neno hilo.

Ndugu yetu Athumani hakuwapo. Alikuwa bara shuleni, mwezi wa tatu huo, na kitu alichokijia Karani kilikuwa ndani ya sanduku lake.

Tulimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi bandarini, na alipoiacha hakuna aliyemtafutia jina jingine. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Alikuwa mfupi, mwepesi, na kanzu yake nyeupe ilikuwa na doa moja la wino chini ya mfuko ambalo mkewe alilifua miaka yote asiliweze. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja. Upande wa pili aliufunga uzi akauzungusha sikioni. Hakuwa na saa, wala hakutaka kuwa nayo, lakini ukiahidiana naye baada ya alasiri ukachelewa kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, ulikuta keshaondoka.

Kiingereza alikijua kuliko mtu yeyote kutoka Mtopanga mpaka Utange, na hakupenda kukisikia njiani. Vijana wakirudi kutoka mjini na viatu vyao vipya walimsalimia, "Good morning, Karani," naye alipita kana kwamba mbuzi ndiye aliyelia. Siku moja mmoja wao alimfuata akamwuliza kama amemkosea.

"Kiingereza ni cha karatasi," Karani alimwambia. "Unaniamkia kwa karatasi, mimi nina deni lako?"

"Sina barua yako, Karani."

"Basi niamkie kwa mdomo."

Kijana akasema shikamoo, Karani akajibu marahaba, wakaendelea na safari pamoja mpaka msikitini.

Kitu kikubwa alichokuwa nacho nyumbani kilikuwa kamusi, ya Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Watu walimwendea kila siku na karatasi zao. Mmoja ameletewa ilani na mwenye ardhi, mwingine ameitwa kortini, mwingine mwanawe ameandikiwa na shule. Mwaka mmoja mchwa walikula mgongo wa kitabu chote, kurasa zikabaki zimeshikana kwa bahati tu. Mtu mwingine angekitupa. Karani alikaa mlangoni kwake na kisu, akakigawa kwa herufi mbili za mwanzo za kila neno. Maneno yanayoanza kwa C na O yalikuwa mengi, yakapata fungu lao peke yao. Yanayoanza kwa I na N vivyo hivyo. X, Y na Z zilibanwa fungu moja jembamba kama mkate wa kumimina uliokosa hamira. Kila fungu alilishona kwa uzi wa kofia, akalitilia jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, akatoka nayo nyumba kwa nyumba. Nyumba ishirini zilipewa. Fungu la D-E ndilo pekee alilolibakisha kwake.

Herufi za mwanzo aliziita mlango. Ukimwendea na karatasi alikuuliza kwanza, "Mlango gani?" Ukimwonyesha C na O, alikwambia nenda kwa Bi Riziki. Ukimwonyesha I na N, nenda Mtopanga, nyumba ya fundi baiskeli. Maneno yenye mlango mmoja, alisema, yanakaa jirani lakini hayali sinia moja. Usidhani umejua la pili kwa sababu umejua la kwanza.

Aliweka masharti matatu. Fungu halitoki nyumbani lilikowekwa. Maana haisemwi kutoka kichwani, hata ukiijua, mpaka isomwe kwenye ukurasa. Na mtu haendi moja kwa moja kwenye neno lake: atasoma kwanza lililo juu yake na lililo chini, kama vile unavyoamkia majirani kabla ya kupiga hodi kwa mwenyeji. Malipo hakuna. Lakini nani huku kwetu anayeingia nyumba ya mtu mikono mitupu? Watu walikuja na nazi moja, muhogo, fungu la mchicha.

Sharti la kutosema maana kutoka kichwani lilimfanya aonekane mtu wa ajabu, kwa sababu yeye mwenyewe aliijua karibu kamusi nzima. Nilimwuliza siku moja. Akaniambia kwamba alipokuwa bado kijana kazini, hamali mmoja alimletea karatasi akiwa ana haraka. Karani akaitazama mara moja akamwambia, umepewa likizo, nenda kwenu upumzike. Yule bwana akaenda kwao. Baada ya mwezi akarudi na madafu manne ya kumshukuru Karani, akakuta mtu mwingine keshashika nafasi yake, kwa sababu karatasi ilikuwa ya kumfukuza na ilimpa siku saba za kulalamika.

"Alifanya nini?" niliuliza.

"Aliniachia madafu. Alisema ameyabeba kutoka mbali, hawezi kuyarudisha."

Na tangu nilipomjua sikumwona akinywa dafu.

Lakini mtu huyo huyo aliyeiheshimu kamusi hivyo aliigombeza kutwa. Alisema Kiswahili chake kimeandikwa na mtu aliyekisikia kupitia dirishani. Alitembea na penseli nyuma ya sikio, lile lisilo na uzi, na kila alipokutana na maana isiyompendeza aliikata akaandika ya kwake pembeni. Athumani alipokuwa mdogo alimwuliza, "Karani, kitabu kikikosea, tutajuaje wewe hukukosea?" Karani akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Ndiyo maana natumia penseli," akasema. "Wewe ukija kujua zaidi, futa."

Mzee Kazungu alipewa X, Y na Z. Alikuwa mjane, watoto wake wako Kaloleni, na nyumba yake ilikuwa pembeni kabisa. Baada ya mwezi alikuja kwa Karani na fungu lake kwapani.

"Bwana Karani, umenipa ukoo usio na watu. Kwa Riziki kila siku kuna viatu mlangoni. Kwangu hajaja hata mwizi."

"Rudi nalo," Karani akasema. "Watakuja."

Tangu siku hiyo, kila barua aliyomwandikia mtu ilijaa maneno ya Y. Aliweka "your" mahali ambapo si lazima. Aliweka "yesterday" na "year" na "yield". Mwisho wa kila barua aliandika "yours" tatu nne zinazofuatana, na mwenye barua akiuliza maana yake, Karani alikunja uso kama asiyejua. "Hilo ni la kwa Kazungu. Nenda kamwulize." Watu wakaenda, na wakienda walikaa, kwa kuwa Kazungu alikuwa na hadithi. Hakuwahi kujua. Mimi nilijua kwa sababu Karani alinipa barua moja nimsomee, nikacheka, naye akaniwekea kidole mdomoni.

Sisi fungu letu tulilipata kwa njia nyingine.

Baba alikuwa ametangulia. Mama alipelekwa hospitali kisiwani, na siku ya tano ikaletwa karatasi na mtu wa baiskeli ambaye hakutaka hata kushuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Athumani tisa, Mwanaisha alikuwa bado hajaacha kunyonya vizuri. Darasa la nne nilikuwa nimelimaliza, kwa hiyo herufi nilizijua. Nilichukua karatasi nikaenda kwa Karani na watoto wawili nyuma yangu, nikamwonyesha neno.

Hakuniuliza mlango gani. Aliitazama karatasi, akaitazama tena, akatuambia tukae. Akatoa fungu la D-E. Nilitazamia afanye kama kawaida, asome neno la juu, la chini, halafu lile letu. Hakufanya hivyo. Alianza juu kabisa ya ukurasa.

"Debate," akasoma. "Kujadiliana, watu kushindana kwa maneno. Debris, vifusi, vitu vinavyobaki baada ya kitu kuvunjika." Alisoma taratibu, akaeleza kila moja, akampa Athumani mfano wa kila moja. "Debt, deni. Debtor, mwenye kudaiwa. Decade, miaka kumi. Wewe Athumani umebakisha mmoja. Decamp, kung'oa hema na kuondoka bila kuaga. Decay, kuoza, kuharibika kidogo kidogo." Athumani alianza kufurahia, akadhani tumekuja kusoma. Mimi nilikuwa nimeshaliona neno linalofuata, nikaona kwamba Karani anatutembeza, ametushika mkono ili tusilifikie kwa kuanguka.

Akalifikia. "Deceased." Kamusi iliandika mfu, maiti. Karani alichukua penseli sikioni, akakata maneno yote mawili, akaandika pembeni kwa herufi ndogo zilizonyooka: marehemu.

"Mama yenu si mfu," alisema. "Mtu aliyeombewa rehema haitwi hivyo. Andiko la kitabu hiki nimelirekebisha."

Ndivyo tulivyojua.

Alitupeleka nyumbani mwenyewe, na mkewe akalala kwetu siku saba. Walipoondoka, fungu la D-E lilibaki juu ya rafu. Nilimkimbilia nikidhani amelisahau.

"Kaa nalo," akasema. "Watu watakuja. Hamtakaa peke yenu."

Walikuja. Nilikuwa nimeacha shule, nashona makuti kutoka alfajiri, na makuti peke yake yasingetulisha watoto wawili na mimi. Lakini D-E ni mlango mpana. Barua zote huanza na "dear". Ilani za ardhi zina "demand" na "deed" na "delay". Uhuru ulipokaribia ndipo ikawa balaa. Vijana wa vyama walijaa barazani kwetu wakigombania "democracy" na "delegate". Karani alipita siku moja akawakuta wanakaribia kushikana mashati, akauliza kama wameamkia majirani. Hawakuwa wameamkia. Akawaamuru wasome neno lililo chini ya "democracy". Lilikuwa "demolish", kubomoa.

"Sisemi lolote," Karani akasema. "Nataka tu mjue anakaa jirani na nani."

Walicheka wote, hata waliokuwa wanagombana. Na kila mmoja wao alikuwa amekuja na kitu mkononi. Kwa miaka sita sikulala na mtoto mwenye njaa, na wengi wa watu walionipa hawakujua kwamba wananipa. Karani alijua. Ndiyo maana alilitoa fungu nyumbani kwake.

Mimi nililisoma lote. Nilipokuwa nashona makuti niliegemeza ukurasa kwenye jiwe nikasoma jani kwa jani. Hiyo ndiyo shule niliyoipata baada ya ile niliyoiacha.

Athumani alifaulu mtihani wa darasa la nane akapata nafasi ya shule ya bweni huko bara. Ilibidi aende na sanduku, na sanduku lilikuwa karibu tupu. Mashati mawili, suruali moja, sabuni. Wenziwe walipewa kalamu na wazazi wao, wengine viatu. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimesimama mbele ya rafu. Mimi ndiye mama na baba, na sikuwa na kitu cha kumpa mtoto anayetoka nyumbani. Nikalifunga fungu la D-E kwenye kitambaa nikalitia chini ya mashati.

"Dada, halitoki nyumbani," Athumani alisema.

"Nalijua lote. Watu wakija nitawasomea."

"Karani je?"

"Karani ana penseli yake."

Tangu siku hiyo nikawa mwongo wa aina yangu. Mtu alipokuja na neno nilimwambia asubiri, nikaingia chumbani, nikafungua sanduku la nguo kwa kelele, nikasimama kidogo, nikatoka na maana tatu: ya juu, ya neno lenyewe, na ya chini. Sikukosea hata mara moja. Nazi na mihogo ikaendelea kuja. Nikajiambia hakuna aliyedhulumiwa.

Mwanawe Karani alikuwa mpishi melini. Alikuwa mmoja tu. Alikuja nyumbani mara moja kwa miaka miwili au mitatu, na kila alipokuja alimletea baba yake penseli. Sijamwona Karani akinunua penseli.

Siku ile mvua za masika zilikuwa zimepumzika kidogo. Karani alikuja amevaa kanzu safi. Alitusalimia mmoja mmoja, akakaa ukingoni mwa baraza. Hakuja mikono mitupu. Alikuwa na ndizi tano zimefungwa kwa ukambaa. Kazungu akamtania.

"Bwana Karani, leo umekuja kusomewa? Basi ulimwengu umegeuka."

"Umegeuka," Karani akajibu.

Akatoa barua mfukoni. Ilikuwa fupi, imepigwa kwa taipu. Alikuwa ameweka kidole gumba juu ya mstari wa tatu, na hakukiondoa.

"Nimeyasoma yote," aliniambia. "Limebaki moja. Njoo unisomee, mwanangu."

Midomo yangu iliuliza yenyewe. "Mlango gani?"

"D-E."

Maalim aliweka kikombe chini. Bi Riziki alifunika mdomo kwa leso, kwa sababu barua ilikuwa na nanga juu yake na sote tulijua inatoka wapi.

Nilijua anajua. Mtu huyu ndiye aliyetufundisha neno hilo. Lakini alikuwa amekuja kama mtu yeyote, na ndizi zake, alisikie kutoka kwenye ukurasa, kwa sababu maana iliyo kichwani inaweza kuwa imekosea na alishawahi kukosea. Hilo ndilo tumaini alilobakiwa nalo na alilileta kwangu.

Nilisema subiri. Nikaingia chumbani. Nikafungua sanduku la nguo. Ningeweza kufanya kama miezi ile yote, nisimame kidogo nitoke nianze, debate, debris, debt. Ningelisoma lote na nisikosee hata nukta, hata lile aliloandika kwa penseli. Nilisimama pale nikasikia hata Mwanaisha ameacha kuchambua.

Sikuweza. Nilitoka mikono mitupu.

"Halipo, Karani. Nimempa Athumani, ameondoka nalo."

Nilitazamia hasira. Nilizitaka. Uso wa Karani ulilegea, ukawa kama wa mtu aliyeambiwa akae kidogo kabla ya kubeba mzigo. Akaikunja barua.

"Basi halijasomwa," alisema.

"Bwana Karani," Maalim akasema kwa upole, "mpwa wangu ana kamusi mjini, mpya. Nitamtuma kesho."

"Neno hili liko kwa Mwanajuma."

"Na kadari ya Mungu?"

"Wallahi, Maalim, sikatai kadari ya Mungu. Nakataa neno ambalo sijasomewa."

Akasimama, akaziacha ndizi, akaenda zake.

Hakukuwa na matanga. Hakuruhusu khitma isomwe, wala mtu kumpa pole. Ukimpa pole alikuuliza ya nini. Nilimwandikia Athumani, akajibu kwamba anaogopa kulitia posta lisipotee, na nauli ya kurudi likizo ya katikati hana, atalileta mwisho wa mwaka. Nilikwenda kumwambia Karani. Alinishukuru kama niliyemletea habari njema.

Mkewe ndiye aliyekuja kwangu. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu, akakaa mkekani karibu na makuti, akayashika yale niliyomaliza akayapanga.

"Nimekuja kutafuta neno," akasema.

"Mama, unajua fungu halipo."

"Najua. Nimekuja kukwambia likirudi usilikalie. Yeye anangoja lisije. Mimi nangoja lije." Alipanga kuti jingine. "Nguo za mwanangu naziangalia kila siku. Za mtu aliye hai huanikwa juani zisiingiwe na kombamwiko. Za mwingine hupewa maskini. Mimi sasa naanika, Mwanajuma. Kila Ijumaa naanika. Nataka kumlilia mwanangu nimenyimwa."

Nilimwahidi. Nilimwapia.

Kabla mwaka haujaisha macho ya Karani yalifunga ukungu, wakahamia Likoni, kwenye shamba la ndugu za mkewe. Athumani alirudi Desemba mwanzoni, amerefuka, na fungu kwenye kitambaa kile kile. Jalada la saruji lilikuwa limetoka. Kurasa zote zilikuwapo. Hata sikumpikia, nililitia kwenye leso nikachukua papai moja, nikavuka daraja, nikavuka feri. Kwenye feri watu walikuwa na vibendera vya uhuru vya karatasi, rangi mpya, na mtoto mmoja alinipungia cha kwake usoni njia nzima.

Karani alikuwa uani, juu ya kitanda cha kamba, kanzu ile yenye doa.

"Hodi."

"Karibu. Nani huyo?"

"Mimi Mwanajuma. Shikamoo, Karani."

"Marahaba, mwanangu. Umevuka na nini?"

"Papai."

"Na nini tena?"

Nilifungua leso. Kisha nikasema, "Na fungu."

Alinyoosha mikono yote miwili. Nikampa. Alipapasa mgongo wake akatafuta uzi wa kofia aliousokota mwenyewe, akaupata.

"Athumani ameandika ndani?"

"Kidogo. Kwa wino."

"Mjinga. Nilimwambia penseli." Alicheka kidogo, akanirudishia. "Soma. Anza juu."

Mkewe alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nilisoma. Debate. Debris. Karani alirudia kila maana nyuma yangu kama mtoto wa chuo. Debt, deni. Debtor. Decade, miaka kumi. "Alikaa baharini minane," akasema. Decamp, kung'oa hema na kuondoka bila kuaga.

"Mara ya mwisho hakuaga," alisema. "Meli iling'oa alfajiri. Mimi nilikuwa nimelala. Alisema asiniamshe."

"Niendelee, Karani?"

"Endelea."

"Decay. Kuoza, kuharibika kidogo kidogo."

Alirudia. Macho yangu yalikuwa yameshashuka. Chini yake, pembeni, yalikuwa maandishi yake mwenyewe, herufi ndogo zilizonyooka, penseli haijafutika. Nikavuta pumzi.

Akainua mkono. "Hapo."

"Limebaki moja, Karani."

"Najua limebaki moja. Nilikusomea mimi." Alivua kofia yake, akapapasa ukingo wake, akauchomoa uzi mmoja mwekundu. "Tia hapo. Utarudi."

"Lini?"

"Bendera ikishapanda. Habari kubwa mbili juma moja ni nyingi kwa mzee."

Niliutia uzi. Nilijua ninachofanya, na nilimtazama mkewe, na bado niliutia.

Yeye ndiye aliyenisindikiza mpaka njia ya feri. Tulipouona umati wa watu wanaoshuka, aliniuliza.

"Limesomwa?"

"Bado, mama."

Alitikisa kichwa polepole. "Haya. Ijumaa nitaanika."

Bendera ilipanda. Siku ya nne yake nilikuwa nimeshafunga leso nivuke, nikamkuta Mzee Kazungu mlangoni, hana kibuyu. Alikuwa ametumwa na Maalim. Karani alikuwa amefariki tangu alfajiri.

Khitma ilisomwa Likoni, moja, ya baba na mwana pamoja. Nguo za wote wawili zikapewa maskini siku hiyo hiyo.

Fungu lipo kwangu mpaka sasa, na watu bado wanakuja, ingawa wachache. Uzi mwekundu uko pale pale. Mtu akiuliza neno lililo juu ya uzi namsomea, na akiuliza lililo mbele kabisa namsomea, na majirani zake. Lile moja lenye maandishi ya penseli naliruka. Nikiulizwa nasema lina mwenyewe, na bado sijampa.